Majibu ya HPV: kipimo cha pili hakiji kuthibitisha cha kwanza

Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi umebadilika haraka kuliko uelewa wetu. Kwa miongo mingi mwanamke alipimwa kwa Pap smia, yaani seli zake kukwanguliwa na kuangaliwa kwa hadubini, au mlango wa kizazi ulipakwa siki na kutazamwa kwa macho. Sasa kipimo kinachotangulia ni kile kinachomtafuta kirusi mwenyewe anayeleta saratani hiyo, HPV. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza rasmi kuwa kipimo cha kwanza mwezi Julai 2021. Australia ilikuwa imeshahamia huko tangu Desemba 2017, na kuanzia Julai 2022 kila anayestahili kupimwa anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Marekani iliruhusu jambo hilo ndani ya vituo vya afya Mei 2024, kisha nyumbani Mei 2025. Yote haya ni habari njema, na ninayapokea hivyo. Shida inaanza pale majibu yanaporudi na neno "chanya", kwa sababu watu wanalisoma neno hilo kwa mazoea waliyoyapata kwenye vipimo vingine.

Mazoea hayo yanasema kwamba kipimo cha kwanza kikitoa jibu baya, cha pili kinafanywa ili kujua kama cha kwanza kilisema kweli. Vikikubaliana, ni ugonjwa. Vikipingana, mmoja amekosea, na kila mtu anaomba awe yule aliyeleta habari mbaya. Kwa mlango wa kizazi fikra hiyo ni potofu, na kutokana nayo wengine wanatibiwa bila sababu huku wengine wakiachwa bila tiba. Vipimo hivi havishitakiani. Kila kimoja kina swali lake. Kipimo cha HPV kinauliza nani yumo hatarini. Pap smia inauliza kama seli zimeanza kubadilika. Kolposkopi, yaani kuuangalia mlango wa kizazi kwa darubini, inauliza mabadiliko yako wapi na yameenea kiasi gani. Kinyama, yaani kipande kidogo cha mlango wa kizazi kinachochukuliwa na kupelekwa maabara, ndicho kinachosema yamefika hatua gani. Kwa hiyo kuchagua hatua inayofuata ni kuchagua swali, na swali linalofaa linategemea mambo mawili: ukubwa wa hatari ya mwanamke huyu, na kama ataweza kufika mpaka mwisho wa njia anayopangiwa.

Hatari hiyo inatokana na tabia ya kirusi chenyewe. HPV huambukizwa kwa ngono, na watu wengi walioanza ngono hukutana nacho wakati fulani maishani. Maambukizi mengi, kama tisa kati ya kumi, hudhibitiwa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote. Machache yanayobaki ndiyo ya kuogopwa. Aina za 16 na 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kirusi kinapong'ang'ania, seli hubadilika polepole, na mabadiliko hayo yamepewa madaraja: CIN 1, ambayo mara nyingi hurudi yenyewe na kwa kweli ni alama ya maambukizi kuliko ugonjwa, CIN 2, iliyo katikati, na CIN 3, ambayo ndiyo mlango halisi wa saratani. Safari hii huchukua miaka, mara nyingi zaidi ya kumi, na kwa wanawake wenye kinga dhaifu huwa fupi zaidi. Mwendo huo wa polepole ndio unaofanya uchunguzi uwe na maana. Ndio pia unaofanya "rudi baada ya mwaka" liwe jibu la kitabibu, ingawa masikioni mwa aliyepimwa linasikika kama uzembe.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alinipigia simu usiku baada ya kupokea majibu ya aina hiyo. HPV chanya, Pap smia ya kawaida, rudi baada ya miezi 12. Alikuwa tayari amepata ushauri wa pande mbili. Ndugu zake walimwambia Pap smia imeshamsafisha, asahau. Rafiki zake walimwambia asikubali kusubiri, atafute mahali wakate sehemu yote yenye shida. Nilimsikiliza nikaona kwamba pande zote mbili zimefanya kosa lilelile: zimechukua vipimo viwili vyenye maswali tofauti zikavifanya viwe mashahidi wa kesi moja.

Hoja ya ndugu zake ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi, nitaanza nayo. Inasema Pap smia ikiwa safi basi HPV ilikosea, au angalau haina maana, na asiyeridhika arudie kipimo wiki ijayo mahali pengine mpaka kipatikane kinachosema hasi. Tuangalie nguvu ya kila kipimo. Uchambuzi wa tafiti za Ulaya na Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006, wenye wanawake zaidi ya 60,000, ulikuta kwamba kipimo cha HPV kiliwagundua kama asilimia 96 ya wenye mabadiliko ya CIN 2 au zaidi, na Pap smia moja iliwagundua kama asilimia 53. Kipimo kinachokosa karibu nusu hakiwezi kukifuta kile kinachokosa wachache sana. Pap smia safi baada ya HPV chanya inapunguza hatari ya leo, na hiyo ndiyo sababu anaambiwa asubiri, lakini haiondoi kirusi. Kurudia upesi nako hakusaidii. Jambo tunalotaka kujua ni kama kirusi kitang'ang'ania, na hilo linajibiwa na muda. Wiki mbili hazina cha kutuambia. Akirudi baada ya mwaka na kukutwa bado ni chanya, hapo tumejua kitu kipya na kizito, na miongozo mingi inampeleka kwenye kolposkopi hata kama seli bado zinaonekana za kawaida.

Kuna tanzu ya hoja hiyo inayonisumbua zaidi: "Sisikii maumivu, sitoki damu, kwa hiyo sina kitu." Mabadiliko ya awali hayaumi na hayatoi damu. Anayesubiri dalili anasubiri saratani yenyewe. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa na saratani hii na wapatao 350,000 walikufa, wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa mara nyingi hugunduliwa umechelewa.

Hoja ya pili inasema kila mwenye HPV chanya aangaliwe kwa kolposkopi mara moja. Hii ina uzito, na kwa baadhi ya wanawake ndiyo sahihi kabisa. Mwenye aina ya 16 au 18, nchini Australia na katika miongozo ya Marekani, anapelekwa moja kwa moja hata kama Pap smia haina kasoro. Mwenye seli zilizoandikwa HSIL, yaani mabadiliko makubwa, haambiwi asubiri. Mwenye seli zisizo za kawaida za tezi, zinazotoka ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, hapaswi kurudishiwa Pap smia nyingine wala kutulizwa na HPV hasi. Anahitaji kolposkopi pamoja na sampuli ya ndani ya mfereji, na akiwa na miaka 35 au zaidi, sampuli ya ukuta wa mji wa mimba pia. Hapa sina mjadala. Ninapopingana na hoja hii ni pale inapotaka kumpeleka kila mtu. Kolposkopi ina heshima ya kuitwa kipimo cha mwisho, na watu hudhani inaona kila kitu. Haioni. Jicho la mtaalamu hukosa, na kinyama kimoja hukosa zaidi. Ndiyo maana sasa inashauriwa vichukuliwe vinyama viwili hadi vinne pale panapoonekana kasoro. Kliniki ikijazwa wanawake wenye hatari ndogo, yule mwenye CIN 3 anasubiri kwenye foleni ileile nyuma yao. Nasi tunajua wengi wao wangeweza kuchujwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kwa kifupi chake ALTS, uliokuwa na wanawake wapatao 3,500 wenye majibu ya ASC-US, yaani seli zenye mashaka zisizoeleweka, ulionyesha kwamba kuwapima HPV na kuwapeleka kwenye kolposkopi walio chanya tu kuliwapata wenye mabadiliko makubwa sawa na kuwapeleka wote, huku karibu nusu wakiepushwa safari hiyo. Utafiti huohuo ulikuta pia kwamba mchujo huo haufai kwa wenye LSIL, daraja linalofuata juu, kwa sababu wengi wao tayari ni chanya. Chujio linalopitisha karibu kila mtu halichuji kitu.

Hapo ndipo miongozo ya Marekani iliyotoka mwaka 2020 ilipofanya jambo ambalo naona halijapewa sifa yake. Iliacha kufuata jina la jibu, ikafuata hatari. Swali likawa: mwanamke huyu, kwa majibu haya na historia yake, ana uwezekano gani wa kuwa na CIN 3 au zaidi sasa hivi? Ukifika asilimia 4, kolposkopi. Ukifika asilimia 25, matibabu bila kusubiri kinyama yanaweza kujadiliwa naye. Ukifika asilimia 60, hayo ndiyo yanayopendekezwa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliye chini ya miaka 25. Wanawake wawili wanaweza kuwa na karatasi zenye maneno yaleyale na wakapangiwa njia tofauti kwa haki kabisa. Mwenye LSIL na HPV chanya leo, ambaye ndani ya miaka mitano iliyopita alipimwa HPV ikaonekana hasi, anaweza kurudi baada ya mwaka, kwani maambukizi yake ni mapya. Asiye na historia yoyote anapelekwa kwenye kolposkopi. Wengi wakiona hivyo wanadhani kuna upendeleo au kituo kimoja hakijui kazi. Hapana.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi, kwa kuwa inatoka kwa watu waliowahi kuwapoteza wagonjwa. Inasema: acheni michujo, pima na utibu. Kila hatua unayoiongeza kati ya jibu na tiba ni tundu ambalo baadhi ya wanawake watapotelea. Anaambiwa arudi, nauli hana, mtoto anaumwa, simu imebadilika namba, na ule mwaka mmoja unakuwa miaka sita. Ushahidi wa upande huu si mdogo. Nchini Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuata wanawake 6,555 wa miaka 35 hadi 65. Miezi sita baadaye, CIN 2 au zaidi ilionekana kwa asilimia 0.80 ya kundi lililopimwa HPV na walio chanya kufanyiwa tiba mgando, yaani kuua seli hizo kwa baridi kali, ikilinganishwa na asilimia 3.55 ya kundi ambalo tiba iliahirishwa. Shirika la Afya Duniani linaikubali njia hii kwa wanawake wasio na VVU, sambamba na ile ya kupima, kuchuja, kisha kutibu. Kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni mara sita ya wasio nacho, linapendekeza mchujo uwepo, waanze kupimwa wakiwa na miaka 25 badala ya 30, na warudi mapema zaidi.

Sikubali, hata hivyo, kwamba pima na utibu ni jibu la kila mahali na kila umri. Ukitibu kila chanya, wengi unaowatibu wana maambukizi ambayo yangeondoka yenyewe. Tiba mgando na ile ya joto ni nyepesi na salama, lakini hazifai kwa kila mlango wa kizazi: kasoro ikiingia ndani ya mfereji, au ikifunika zaidi ya robo tatu ya eneo, au pakiwa na shaka ya saratani, haziruhusiwi. Baada ya kukoma hedhi, eneo linalotakiwa kuonekana mara nyingi limeshaingia ndani, na siki haina la kusema juu ya kitu kisichoonekana. Njia inayobaki ni kukata, kwa kawaida kwa kitanzi cha waya wenye umeme kiitwacho LEEP, na ukataji huo una gharama yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba waliowahi kutibiwa walijifungua kabla ya wiki 37 kwa asilimia 10.7, na wasiotibiwa asilimia 5.4, na kadiri kipande kilichokatwa kilivyokuwa kirefu, ndivyo hatari ilivyopanda. Kwa mwanamke wa miaka 45 aliyemaliza kuzaa, hesabu hiyo ni nyepesi. Kwa wa miaka 26 mwenye CIN 2 anayetaka watoto, si nyepesi hata kidogo, hasa ukijua kwamba katika uchambuzi wa mwaka 2018 karibu nusu ya CIN 2 zilizofuatiliwa kwa miaka miwili bila kutibiwa zilirudi nyuma, na asilimia 18 tu ziliendelea. Rafiki za mwenzangu waliotaka "sehemu yote ikatwe" kwa HPV chanya yenye seli za kawaida walikuwa wanampendekezea alipe gharama hiyo kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona.

Basi je, kusubiri ndiko salama? Historia ina jibu kali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake mjini Auckland, New Zealand, daktari Herbert Green aliwaacha baadhi ya wanawake wenye CIN 3 bila matibabu kamili, akiamini kwamba mabadiliko hayo hayageuki saratani kama wenzake walivyodai. Wanawake wengi hawakujua kwamba wanafuatiliwa tu. Uchunguzi wa kiserikali ulifanyika mwaka 1987 na 1988. Takwimu zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba kati ya waliochukuliwa kinyama tu bila kutibiwa, asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo, asilimia 0.7. Ninapoona mtu anaitetea "subira" bila kutaja daraja la mabadiliko, nawakumbuka wanawake wale. Kusubiri na maambukizi mapya yenye seli za kawaida ni jambo moja. Kusubiri na CIN 3 ni jambo jingine kabisa, na tofauti kati yake haionekani mpaka mtu aulize swali sahihi kwa kipimo sahihi. Hata mjamzito, ambaye matibabu yake huahirishwa hadi baada ya kujifungua kama hakuna shaka ya saratani, haachwi bila kuangaliwa. Kolposkopi inaweza kufanywa salama wakati wa ujauzito.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu hulipita haraka, na mimi sitaki kulipita. Neno HPV likitamkwa nyumbani, swali la kwanza mara nyingi haliwi la afya. Linakuwa: umekitoa wapi? Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Jibu chanya haliwezi kusema kiliingia lini wala kwa nani, na hakuna kipimo cha kufuatilia kitakachosema. Ndoa zinazotikiswa na karatasi hii zinatikiswa bure, na mwanamke anayeificha ili kulinda nyumba ndiye huyo huyo asiyerudi baada ya mwaka.

Kujichukulia sampuli kunaleta mtego wake, na ndio utakaotuumiza zaidi tusipojiandaa. Kijiti anachotumia mwanamke mwenyewe kinanasa kirusi vizuri, karibu sawa na sampuli ya mtaalamu kikipimwa kwa mashine inayofaa. Hakifai kwa Pap smia. Kwa hiyo mwenye aina ya 16 au 18 anaenda kwenye kolposkopi, lakini mwenye aina nyingine lazima arudi kituoni ili mtaalamu achukue seli, na safari hiyo ndiyo aliyokuwa anaikwepa alipochagua kijiti. Programu inayogawa vijiti na kuhesabu sampuli zilizopokelewa inaweza kujipongeza kwa miaka bila kumwokoa mtu. Lengo la dunia kwa mwaka 2030 linasema asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo chenye nguvu wakifika miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Namba ya kwanza ni rahisi kuitangaza. Ya pili ndiyo inayozuia vifo, na kati ya hizo mbili kuna yale maswali yote ya kipimo kinachofuata.

Ndiyo maana ningependa kila jibu chanya litoke na mambo manne yameandikwa: aina ya kirusi kama imepimwa, hali ya seli, majibu ya nyuma, na tarehe ya kurudi yenye siku na mwezi. Hata baada ya matibabu, ufuatiliaji hauishi upesi. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo baada ya miezi 12, na miongozo ya Marekani inawafuata waliotibiwa mabadiliko makubwa kwa angalau miaka 25. Hakuna kumbukumbu ya kichwani inayodumu hivyo.

Mwenzangu hakuwa ameulizwa kuhusu majibu ya nyuma, naye hakujua yana kazi. Tulipozungumza mara ya pili alikuwa amelipata jibu la zamani kwenye droo, ndani ya bahasha ya vyeti vya watoto: kipimo cha HPV cha miaka minne iliyopita, hasi. Na HPV ya sasa ilipoangaliwa vizuri ilikuwa si 16 wala 18. Alilipeleka kituoni likabandikwa kwenye faili lake, na nyuma ya kadi yake muuguzi akamwandikia tarehe.